Moto Alionyimwa Mama Epifania

Sogeeni, wanangu. Thobias, acha kuchungulia dirishani, ng'ombe hawaendi popote. Epifania, niinue kidogo, kifua kinabana. Ng'ombe saba na majaruba ya bondeni gawaneni sawa, wa kike na wa kiume, na atakayenung'unika asitafute radhi yangu. Hayo ni mepesi. Zito ni hili gazeti lililo chini ya mto wangu.

Mnakumbuka mwaka ule wa sabini na sita, wazee wa hapa Didia walipomtenga mama yenu, asisalimiwe, asipewe moto, mpaka akawa kila jioni anafukia makaa kwenye majivu kama anayelaza mtoto, maana yakizimika hakuna jirani wa kumpa hata kijinga cha moto? Kosa lake, walisema, ni hadithi iliyotoka humu, katika gazeti hili la parokia: mke wa mtu anamtamani mchimba dhahabu wa Rwamgasa hadi kunusa shati lake. Chini imeandikwa Mama Epifania. Naye alikuwa ndiyo kwanza amehitimu kisomo cha watu wazima. Basi nani mwingine?

Mimi. Niliandika mimi, ngosha, mwanamume mzima, baba yenu. Nilitaka jina la kike, nikadhani akina Mama Epifania wamejaa Shinyanga nzima. Nikasahau kwamba Didia yupo mmoja. Mjinga mimi!

Msiniulize kwa nini. Mchimbaji yule ni Cornel, niliyechimba naye duara moja, shimo moja la dhahabu, akafukiwa na kifusi. Nilipotaka kumlilia kwa jina langu, kalamu iligoma. Nilipojifanya mwanamke, maneno yakamiminika. Je, nilimtamani? Nadhani ndiyo. Na mama yenu nilimpenda, haki ya Mungu nilimpenda. Yote mawili yalikaaje kifua kimoja? Miaka minane naligeuza swali hili, na sijui.

Tena wazee walipomuuliza, "Ni wewe uliyeandika?" alinitazama mimi, kisha akasema, "Ni mimi." Alijua? Alinisitiri? Au alinionea huruma tu? Nikanyamaza. Mwaka jana tukamzika, nikanyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami ndiyo naumbuka hivi.

Sasa shikeni gazeti hili. Siku ya kuondoa matanga, wazee wakishakaa, Thobias, soma hadithi yote kwa sauti. Usimpe dada yako. Isomwe kwa sauti ya kiume, hata pale pa shati. Ukimaliza sema, aliyeandika ni baba yangu. Wakitaka kutenga, watenge kaburi langu.

Mungu awape... awape mioyo isiyoogopa kama wangu ulivyoogopa. Epifania, nenda kwa jirani yetu, mke wa Silvesta, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumnyima mama yenu moto. Mwambie ukweli, kisha omba moto. Sema... sema ni wa mama. Uuweke jikoni kwa mama yako, palepale kwenye mafiga yake. Atakupa. Nadhani atakupa... Nenda, mwanangu.