Jina Langu Musimuvike Mutu

Songeeni karibu, wanangu, na Baudouin azime ile simu kwanza, maana sitaki kukata roho nikishindana na muziki wake. Mathilde, kamata kalamu. Wewe ndiwe pekee katika nyumba hii unayeandika kile mutu alichosema na si kile ulichotaka aseme. Mama yenu Orpha, Mungu amulaze pema, alivuka ziwa kutoka Pweto na masufuria mawili na Kiswahili chake, akakataa jiko lake lisikie lugha ingine, basi nami nitasema kwa Kiswahili chake, ili nikifika kule asiniulize juu ya nini nilipitisha mambo ya nyumba nyuma ya mugongo wake.

Mali kwanza, kwa sababu naona macho yenu yamekwisha kuzunguka kuta. Nyumba ni ya Mathilde. Bwato na nyavu ni za Baudouin, ambaye hajui kuogelea, lakini Mungu ana mipango. Baiskeli ni ya Goodson, mwipwa wangu, mwana wa dada yangu Kunda, maana aliichukua zamani na ninachofanya leo ni kuhalalisha wizi. Sanduku la vitabu hakuna aliyeliuliza. Pelekeni shule, na mukiona mwalimu anafungia chumvi katika kurasa zake, mumukumbushe kwamba nilizisoma zote, hata ile kamusi, mpaka herufi ya mwisho.

Madeni ya pesa sina. Nina deni moja lisilolipwa kwa pesa, na ndilo lililonifanya niwaite. Ni ule muchanga wa pale Lupembe.

Nyinyi munapajua Lupembe kama uwanja wa baba wenye ua wa waya. Si wa baba. Haukuwa wa baba hata siku moja. Ni ardhi ya watu wote, pale mitumbwi inapotia nanga ikitoka Chisenga, pale bibi zenu walianika samaki kabla baraza halijajua kuandika neno ardhi. Sisi tuliorudi kutoka jeshini, watu kumi na mbili wa kandokando hii ya ziwa tuliokaa kule Zambezi wakati ndege za Rhodesia zilipokuwa zikitutupia mabomu, tulirudi na kofia, na vidonda, na barua ya shukrani. Barua haipikwi. Tukaunda chama cha askari wa zamani, tukaenda kulia kwa baraza la muji wetu, nao, ambao hawakuwa na kitu cha kutupa, wakatukodishia kitu cha watu wengine. Ndivyo serikali inavyokuwa na huruma, wanangu: inakukopesha shati la jirani.

Mukataba niliuandika mimi, maana nilikuwa katibu, mwenye kujua kusoma. Ulisema uwanja ni wetu wa kupumzika na kufanya kazi, mpaka ukingo wa maji, kwa muda wote atakaokuwa hai hata mumoja aliyevaa nguo za jeshi. Akiisha wa mwisho, muchanga urudi kwa watu. Nilijivunia ile sentensi. Nilidhani nimeandika jambo la heshima. Mwenye kuchimba shimo apime na kimo chake.

Bon, kama alivyokuwa akisema mama yenu, tukaanza kufa. Nsama alikuwa wa kwanza, yule kopla mwenye risasi katika muguu. Na munajua desturi yetu: mutu akifa hatupotezi jina lake. Jamaa wanakaa, wanamuchagua mwipwa ao ndugu, wanamukalisha juu ya mukeka, wanamupa maji ya kunywa na mushipi wa marehemu, na toka saa ile yeye ndiye marehemu. Ndiko tunaita kumupyana. Wajukuu wanamuita babu, hata kama ndevu hazijaota. Wakamukalisha Kingsley, mwana wa dada ya Nsama, aliyekuwa akiuza vocha za simu pale stendi ya minibasi za Mansa. Nami, katibu, mutu wa vitabu, nikabeba daftari la chama mpaka kwenye mukeka na kuandika: Kopla Nsama, yuko. Sikufuta hata herufi. Mbele ya desturi sikusema uongo. Mbele ya baraza, hilo ni jambo lingine, na sikuliuliza.

Vivyo hivyo kwa wa pili, na wa tatu, mpaka wa kumi na moja. Kila kilio tulikwenda na daftari. Chama chetu kikawa chama cha ajabu: kadiri tulivyozeeka, ndivyo wanachama walivyozidi kuwa vijana. Na ziwa nalo lilipopanda miaka ile, likameza nusu ya uwanja, baraza likatuandikia kwamba kipimo chetu kimepunguka bila ruhusa. Nikajibu kwa heshima kwamba maji hayakuomba fomu, na kwamba kama yakitaka kujiunga na chama tutayapokea, kwa maana nayo yamekaa hapa muda mrefu. Jibu halikuja mpaka leo. Nafikiri wanalijadili.

Halafu akaja yule binti, Madamu Suwilanji, afisa mupya wa ardhi, mwaka huu mvua zilipokwisha. Musimuchukie. Ndiye mutu wa kwanza wa biro ya serikali niliyemuona akisoma karatasi mpaka chini. Akaweka meza chini ya paa yetu ya bati, akaita majina ya daftari.

"Kopla Nsama, aliyejeruhiwa muguu wa kushoto mwaka wa sabini na tisa?"

Kingsley akasimama na viatu vyake vyeupe vya mupira. "Njo mimi, madamu."

"Wewe? Ulizaliwa lini?"

"Mara ya kwanza ao mara ya pili?"

Watu wakacheka mpaka bati likalia. Lakini Kingsley hakucheka, wanangu. Akamuambia, "Madamu, muniulize ya Zambezi, nitawaambia. Hata muguu unaniuma siku za mvua." Na alipokwenda kuketi nikaona anachechemea. Muguu wa kushoto. Mutoto wa miaka ishirini na sita, nimemuvisha kidonda cha mutu mwingine kwa kalamu yangu, ili ua wetu usimame.

Yule binti hakumutukana. Alifunga daftari polepole, akanigeukia akasema, "Muzee, hata kwetu tunapyana. Lakini fomu haipyani." Akaandika katika karatasi yake: aliye hai, mumoja. Akaandika jina langu, Bwembya.

Sasa nifike kwenu. Muninyanyue kidogo. Hapo, hapo.

Kumbe mulidhani sisikii. Tangu nilipolala humu, Baudouin na Goodson, ambao hawajapatana tangu wagombanie ile baiskeli, wamepatana kama mafuta na sabuni. Wakamuleta mutu mwenye koti kutoka Mansa, wakamuonyesha Lupembe kwa kidole, wakasimama katika muchanga ule wakisema hapa vyumba, hapa baa, hapa Wazungu watalala wakiangalia jua. Mupango wenu ni mwepesi: Bwembya akifa, Goodson atakaa juu ya mukeka, atakunywa maji, atakuwa Bwembya, Bwembya akiwa hai, mukataba uko hai, kisha Baudouin atafanya biashara na Bwembya mupya. Na juzi mukaniletea karatasi niweke kidole, kwamba namutambua mupyani wangu kabla sijafa. Kidole mulikwisha kukipaka wino! Niliamka nikaona kidole changu cheusi nikadhani nimeanza kuoza.

Usinionyeshe uso huo, Goodson. Sikukasirika sababu una tamaa. Kijana asiye na tamaa huwa muvivu. Nimechoka sababu hukubuni hata kidogo. Mambo haya yote muliyajifunza kwangu. Njia muliyoiona ni ile niliyoifyeka mimi, kilio kwa kilio, na daftari langu kwapani. Na kama madamu akikataa, mukwe wa Baudouin anaketi katika baraza, ndiyo, najua, na baraza likipelekewa Bwembya mwenye miaka arubaini na mashahidi ishirini wa mukeka, litamukubali, kwa sababu litachoka. Biro haishindwi na haki, wanangu. Inashindwa na uchovu. Nimeishinda hivyo mara kumi na moja.

Sasa deni. Dada yangu Kunda, umeingia? Nimesikia kikohozi chako pale mulangoni. Miaka thelathini hukuingia nyumba hii. Kaa. Unasemaje? Samaki wako juani? Sawa, nitafupisha.

Watoto hawa hawajui, kwa hiyo nitasema mbele yako, unisahihishe nikipamba. Ule mwaka tuliopewa uwanja, jambo la kwanza tulilofanya, sisi mashujaa, ni kuuzungushia waya. Asubuhi Kunda akaja na beseni lake la samaki kichwani, mahali alipoanika mama, akakuta waya, na mimi ndani na kofia yangu. Akaniuliza, "We Bwembya, kule Zambezi mulipigania nini? Mulipigania kumufungia dada yako maji?" Watu wakacheka. Ningecheka nao mambo yangeisha siku ile. Lakini nilikuwa katibu. Nikamusomea mukataba. Nilimusomea dada yangu, aliyenibeba mugongoni, kipengele cha nne, kwa sauti, mbele ya watu, naye akanisikiliza mpaka mwisho, akajitwika beseni, akazunguka kwa upande wa matope. Amezunguka toka siku ile. Na beseni lake, kila asubuhi, miaka thelathini, na wanawake wote wa Lupembe nyuma yake, mpaka ile njia ya matope ikawa na jina, na jina lenyewe ni langu.

Ndiyo, dada. Ndiyo. Sikupamba.

Basi sikilizeni, na hapa muandishi asiandike haraka. Jina langu musimuvike mutu. Asikalishwe Goodson, asikalishwe Baudouin, asikalishwe mutoto wa tumboni wala muzee wa mbali atakayeletwa kwa pikipiki. Mushipi wangu uzikwe nami. Maji ya mukeka yamwagwe. Bwembya, aliyevaa nguo za jeshi, afe kama wanavyokufa wazungu, mara moja, amalizike.

Musipige kelele. Najua wazee watasema nini. Watasema mutu asiyepyaniwa hubaki njiani, hana mulango wa kuingilia kwa wajukuu, hulia nyuma ya nyumba usiku. Mimi ni Mukristo, na nimesoma vitabu, na siogopi. Mathilde, andika kwamba siogopi. Andika kwa herufi ndogo.

Najua ninachowaomba ni kizito kuliko kunizika. Lakini tazameni: jina langu likibaki hai, ua unabaki hai. Nimegeuza na kugeuza jambo hili kama mutu anayegeuza samaki juu ya moto, sikuona upande usiochomeka. Sheria niliiandika mimi, desturi niliichezea mimi. Akili hutoka kichuguu kidogo kwenda kikubwa, walisema wazee, lakini na upumbavu nao hutembea vilevile.

Nipeni maji. Si ya mukeka. Ya kunywa tu.

Bon. Maagizo. Nikiisha kufumba macho, kabla ya kupika ugali wa kilio, Mathilde uchukue daftari na funguo za ua, uende biro kwa Madamu Suwilanji, umupe mukononi, si mezani, meza zile zinakula vitu. Umuambie: aliye hai, hakuna. Akuandikie risiti. Mutu wa biro bila risiti ni ndoto tu.

Baudouin na Goodson mutakwenda na koleo kung'oa waya. Nyinyi wenyewe, si kwa kulipa vibarua. Waya ukiwachana mikono, vizuri. Nguzo muzigawie wanawake wafanye vichanja vya kuanikia samaki. Na Kingsley mumuite, mumuambie kwamba katibu amesema muguu wake ni muzima. Mumuambie ni amri. Namuomba... namuomba aniwie radhi.

Dada. Wewe ndiwe utapita kwanza. Usiseme kitu, najua, samaki. Pita tu.

Sasa pumzi inakuwa fupi. Baudouin, nilikukaripia leo, mukono wangu uko wapi, leta kichwa chako hapa. Wewe ni mwanangu, huhitaji jina langu ili uwe wangu. Goodson, na wewe. Kichwa kigumu, kama cha mama yako. Mungu awape nyavu zinazorudi na kitu. Awape majirani wasiosoma mikataba. Awape kuzeeka polepole, na kuombana radhi mapema kuliko mimi. Mathilde, mwanangu, Mungu akupe... akupe watu wa kukusikiliza.

Siku ya tatu wazee watakaa. Watatandika mukeka, najua, hawatasikia. Mukubwa wao atauliza mara tatu, kama desturi: Bwembya yuko wapi? Watawatazama, mumoja mumoja. Mutatamani kusema yuko, huyu hapa...

Mushikane mikono. Aulize.

Musiitike.