Dada Alikwenda Kituoni Peke Yake

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi, mdogo wake, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na nitayasoma yote, hata yanayonigusa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, nami nikamfuata baada ya miaka miwili, na kila gauni lililonifikia lilikuwa limeshamkaa yeye vizuri zaidi. Alianza shule ya msingi Januari 1968, akamaliza sekondari Novemba 1978, akasomea uuguzi, na tarehe 2 Februari 1984 akaajiriwa kuwa matroni wa bweni la wasichana, katika shule ambako baadaye nilikuwa mwalimu wa nidhamu. Tarehe 8 Agosti 1987 alifunga ndoa na dereva wa shule, mwanamume ambaye, siwafichi, nilimwona mimi kwanza, wakajaliwa watoto wawili.

Jumatatu, tarehe 6 Juni 2011, msichana wa kidato cha kwanza alimwonyesha dada mgongo uliovimba, wasichana wa vidato vya juu walikuwa wamemchapa kwa waya wa pasi, eti wanamkaribisha. Mimi nilikuwa nimeyasikia tangu Ijumaa, na sheria ilimtaka kila mtumishi wa shule aripoti polisi ndani ya saa ishirini na nne, lakini nilikuwa nikitajwa kuwa makamu mkuu wa shule, nikanyamaza.

"Dada, utatuaibisha," nilimwambia.

"Umeshachelewa, mdogo wangu, lakini twende wote."

Sikwenda. Alikwenda kituo cha polisi peke yake, na alipoulizwa nani mwingine alijua, alinitaja. Wasichana watatu walishtakiwa, nami pia, nikasimamishwa kufundisha mwaka mzima, huku wazazi wakisimama ukumbini kumpigia dada makofi. Wivu ule nilikaa nao miaka kumi na miwili.

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini, nikahamia kwake kumuuguza, na siku moja nikimwogesha nikakiri kwamba nilikosea.

"Umeshamwambia yule mtoto?" aliniuliza.

Kesho yake nilimpigia simu yule aliyechapwa, sasa ni mama wa watoto, akanisikiliza hadi mwisho, akashukuru, kisha akauliza matroni anaendeleaje.

Dada alifariki tarehe 19 Aprili 2024, saa kumi alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, majirani mliotuletea maji na viti, na wafanyakazi wenzake mliojaa hadi barabarani, kwa wingi ambao mimi sitaupata siku yangu.

Pumzika, dada, kwa amani ileile uliyokuwa nayo ukiwa hai, ambayo nakuonea wivu hadi leo.