Nilipeleka Kilio cha Nyumba Yangu Jukwaani

Ndugu zangu, wamama na wapapa wa kikundi chetu cha wazazi waliozika watoto, amani iwe kwenu. Wengi munanijua kwa uso, hamunijui kwa sauti. Kazi yangu ni kuigiza bila maneno. Watoto wa mutaa wetu wa Ndosho wananiita Papa Bubu na mimi sikasiriki, maana wanasema hivyo huku wanacheka. Basi leo bubu atasema. Maneno yakikuja yamepindana, munivumilie. Na majina ya watu sitayataja.

Kazi hii nilifundishwa na muzee mumoja wa Polonye, inchi ya baridi kule Ulaya. Alikuja Goma kumuona dada yake aliyekuwa sista, akae mwezi mumoja. Akabaki miaka kumi na mbili. Kwao alikuwa mutu mukubwa katika kazi hiyo: aliigiza tangu ujana, kisha akaongoza kundi lake mwenyewe, wakazunguka miji mingi. Hapa kwetu alifika na sanduku moja na goti bovu. Tulimucheka sana. Muzungu muzima, nywele nyeupe, anasukuma ukuta ambao haupo.

Lakini aliijua kazi. Aliomba ukumbi wa parokia, akakusanya vijana tisa, na mwezi wa kwanza wote alitubebesha bidon, dumu la maji, bidon yenyewe haipo. Tulikuwa tunatoka mulangoni tunaenda hadi dirishani, tumeinama upande mumoja. Kando ya ukuta aliketisha mama mumoja mwenye kuchota maji ziwani kila siku. Huyo ndiye alikuwa hakimu wetu. Akisema, "Hiyo haina maji," unarudi mulangoni. Mimi nilirudishwa siku nne. Siku ya tano mama yule akaniambia nitue, nitaumia mugongo. Siku hiyo nilitembea hadi nyumbani kifua mbele kama bwana harusi.

Ndivyo alivyotufundisha: muende sokoni, muende kwenye karakana, mutazame mikono ya watu. Mukono hausemi uongo, alisema. Alipozeeka akaniachia kundi, nikawa mimi mwongozaji. Nikaoa. Tukapata mutoto musichana.

Sasa nifike pale panaponiuma. Mutoto wetu alikuwa na mwaka mumoja na miezi minne. Homa ilimushika siku ya Kwanza, siku ya Tatu tukamuzika. Sitasema zaidi. Njia hiyo wote hapa mumeipita.

Kwenye matanga mimi sikulia. Nilipanga viti, nilitafuta turubai, nilipokea wageni. Wazee wakanisifu, wakasema huyu ni mwanaume. Nikaipokea sifa hiyo, na ilikuwa sumu. Muke wangu alilia hadi sauti ikakwisha. Matanga yakaisha, watu wakarudi kwao, likabaki jambo moja. Siku zote alipombeba mutoto mugongoni, alikuwa na desturi ya kupeleka mukono wa kushoto nyuma na kushika muguu wa mutoto, aone kama umepata baridi. Mutoto alipokwenda, mukono haukujua. Anapika bugali, mukono unakwenda nyuma. Anachagua samaki sokoni, mukono unakwenda nyuma, vidole vinajifunga, vinakuta hakuna kitu, kisha unarudi polepole. Yeye mwenyewe alikuwa hatambui.

Mimi nilikuwa natambua. Na hapa nakiri mbele yenu, ndugu zangu: nilikuwa namutazama muke wangu kwa macho ya kazi. Niliona kwamba vidole vitatu vinajifunga kwanza. Niliona bega linavyoshuka. Nikajifungia ukumbini, nikajizoeza mukono ule mbele ya kioo kwa wiki mbili. Nilijiambia hiyo ndiyo njia yangu ya kulia. Labda kidogo ilikuwa hivyo. Lakini nilifurahi pia, nawaambia kweli, kwa sababu nilijua nimepata kitu ambacho kitawashika watu.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Nilijifunga kikwembe cha kubebea mutoto mugongoni, nikaigiza mama anayetembea, anayepika, anayeuza, na mukono wake unakwenda nyuma. Watu walilia, hata wanaume. Makofi hayakutaka kwisha. Nikainama, nikainua macho, nikamuona muke wangu katika musitari wa pili. Alikuwa halii. Alikuwa ameuweka mukono wake wa kushoto juu ya magoti, anautazama.

Nilifika nyumbani bado nimelewa makofi. Aliniambia neno moja tu.

"Umenivua nguo mbele ya batu."

Kesho yake asubuhi akapanda pikipiki, akaenda kwa mama yake, kule mji wa Kiwanja.

Munadhani nilimufuata? Hapana. Nilimukasirikia. Nilisema hajui kazi ya sanaa. Watu walikuwa wananialika huku na huku nirudie mchezo ule, nikaurudia mara mbili. Mara ya tatu, katikati ya mchezo, mukono ukanikatalia. Nilisimama jukwaani na kikwembe mugongoni, natafuta namna ya kuupeleka nyuma, hauendi. Watu wakafikiri ni sehemu ya mchezo, wakacheka. Nikashuka, nikapita katikati yao, nikaenda moja kwa moja kunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Nilikunywa miezi saba. Vijana wa kundi wakatawanyika kila mutu na njia yake. Ufunguo wa ukumbi nilimurudishia padri kwa kumutupia mezani, bila salamu. Nyumbani kwangu panya walinizoea.

Muzee wa Polonye wakati huo alikuwa mugonjwa, analala katika chumba kidogo nyuma ya parokia. Akanitumia mutu aniite. Nilienda nikinuka pombe. Nilingoja anikaripie, lakini alinionyesha kiti. Kiswahili chake alikijifunzia sokoni, alikuwa anakisema vile alivyotaka.

Akanieleza habari ambayo hakuwahi kutueleza. Baba yake alienda katika vita kubwa ya kwao, hakurudi. Mama yake kila jioni alikuwa anaweka sahani ya baba mezani, na baada ya kula anaiosha, ingawa ni safi. Miaka na miaka. Muzee alipokuwa mwongozaji kijana alichukua sahani ile, akaifanya mchezo. Ndio mchezo uliomupatia jina. Siku moja akamualika mama yake, akamukalisha mbele kabisa, akidhani anamuheshimu.

"Jioni ile mama kupanga meza," aliniambia. "Sahani ya papa, hapana. Kesho, hapana. Hata siku moja tena. Mimi naliua papa yangu mara ya pili. Na mama kufa, mimi sikusema pole."

Kisha akanishika shati.

"Mama yangu iko ndani ya udongo. Bibi yako iko Kiwanja. Kwenda. Usimuchezee kitu. Kwenda na mudomo."

Ndugu zangu, nimesimama mbele ya watu mia kadhaa bila woga. Lakini ua lile la Kiwanja nililiogopa. Muke wangu alikuwa ameketi anaambua maharagi. Mama mukwe akanipa kiti kidogo, akaingia ndani, Mungu amubariki kwa kuingia ndani. Mikono yangu ilitaka kuanza kusema yenyewe, nikaikalia. Nikafungua mudomo. Nikamuambia nilimuibia. Nikamuambia pia kwamba nilipomuibia nilifurahi. Hilo la pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza.

Akaendelea na maharagi yake muda murefu. Kisha akasema, bila kuniangalia:

"Mukono ule ulikuwa unamukuta. Kabla ya kukuta hakuna kitu, kulikuwa kadakika kadogo, nilikuwa namukuta mutoto wangu. Tangu siku ile hauendi tena."

Nilitazama chini tu. Ndipo akatoka kwenye kiti chake, akaja, akauvuta mukono wangu kutoka chini yangu, akavifunga vidole vyangu kimoja kimoja.

"Na tena ulikosea," akasema. "Pale jukwaani ulishika muguu wa mutoto mukubwa. Wake ulikuwa hivi."

Akavibana vidole vyangu, akavibana tena, hadi pakabaki nafasi ndogo kama ya yai la njiwa. Na hapo katikati ya vidole vyangu nikausikia muguu wa mutoto wangu. Nikalia. Nililia kilio nilichokificha nyuma ya viti na turubai, nililia hadi mama mukwe akatoka nje kuona nani amekufa. Muke wangu akaniambia, "Kumbe na weye ulikuwa naye." Tukalia wote wawili, na maharagi yakabaki chini.

Hakurudi nami siku ile. Alirudi Goma baada ya mavuno. Muzee wa Polonye alimukuta muke wangu tena kabla ya kufa, wakashikana mikono. Muzee tumemuzika hapa, mbali na mama yake. Pombe nimeiacha, vijana watano wamerudi ukumbini, tunaigiza mambo mengine. Mchezo ule sitaucheza tena. Na mukono wa muke wangu haujaenda nyuma tena hata mara moja. Nisiwadanganye, kile nilichokivunja kimebaki kimevunjika, tunaishi nacho.

Namushukuru muzee yule aliyenifungulia aibu yake ili nione yangu. Namushukuru mama mukwe. Nawashukuru ninyi, munaokaa hapa kila juma na kumuacha mutu alie bila kumuharakisha. Fundisho langu ni hili, na hasa nawaambia wapapa. Kilio cha nyumba kina wenyewe. Ukilie kwanza pale nyumbani, na yule muliyefiwa naye, kabla ya kukipeleka kwa watu, hata kama ni kwa watu wazuri kama hawa.

Juzi mchana nilimukalisha muke wangu, nikamuambia ushuhuda huu wote, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa mudomo. Alisikiliza. Aliondoa mambo mawili. Akasema, "Hayo ni yetu. Mengine uende ukawaambie."

Hayo mawili sikuwaambia.