Mwalimu Xaveria Melkiadi na Maksi za Mkono Wake wa Kulia

Mwalimu Xaveria alizaliwa tarehe 12 Agosti 1946 huko Bashneti, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Melkiadi na Mama Kandida, wakulima. Alisoma shule ya msingi hapo kijijini, kisha shule ya kati ya wasichana, na mwaka 1967 alihitimu mafunzo ya ualimu.

Alianza kazi Sigino, akahamia Bonga, na tangu 1976 alifundisha Mutuka, darasa la tatu. Alijulikana kwa kusahihisha kwa ukali. Mwanafunzi aliyepata saba kwa kumi kwake alisindikizwa nyumbani na wenzake.

Mwaka 1971 alifunga ndoa na Bwana Fabiani, fundi seremala wa hapa Babati mjini. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza Josephina.

Jioni ya tarehe 9 Novemba 1983 alikuwa akijaza koroboi. Mafuta ya taa yalikuwa yameadimika, na yale yaliyopatikana yalikuwa yamechanganywa na petroli. Koroboi ililipuka, moto ukamuunguza mkono wa kulia, kuanzia kwapani hadi kiganjani. Katika hospitali ya misheni alitolewa ngozi pajani, ikapandikizwa mkononi. Ilishika.

Kila mwezi alirudi kwa Daktari Romani wa hospitali hiyo kupimwa. Daktari alifinya ngozi ile aone kama inavutika, akaibonyeza kwa kidole gumba aone rangi inavyorudi, akalinganisha na ya mkono wa kushoto. Kisha alimwomba mgonjwa naye atoe maksi, kumi zikiwa za ngozi aliyozaliwa nayo.

"Nne," alisema Mwalimu.

"Mimi nimekupa nane, Mwalimu."

"Wewe umesahihisha kwa macho, Daktari. Mimi ndiye ninayeivaa."

Alichotaka ni kimoja: kuandika tena tarehe juu kabisa ya ubao. Ngozi ya kwapani ilikuwa imekaza, mkono ukaishia usawa wa kidevu. Alikataa kuandikiwa na mtu. Darasa lilianza somo kwenye nusu ya chini ya ubao, na juu pakabaki peusi.

Dawa ya kulainisha kovu haikuwepo. Mama Gidamanyega wa Bonga, mfugaji, alimletea samli, na Bwana Fabiani alimpaka na kumnyoosha mkono asubuhi na jioni.

"Mwalimu, leo unanukia sikukuu," walimwambia wanafunzi.

"Basi tulieni. Nyama haijaiva."

Jumatatu moja ya mwezi wa Julai 1985, aliandika tarehe mahali pake. Darasa lilipiga makofi, naye akawaambia wafungue madaftari. Kliniki iliyofuata alitoa maksi sita. Daktari alimuuliza kilichobaki ni nini. Alisema atafikiri.

Mwishoni mwa Februari 1987 alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa. Ijumaa tarehe 13 Machi, Bwana Fabiani aliketi kando ya kitanda akiwa ameushika mkono ule wa kulia.

"Mama Josephina, unausikia mkono wangu?"

"Hapana. Nauona tu."

Kisha Mwalimu akasema, "Ukimwona Daktari, mwambie nane yake ni ya haki. Zile mbili zilizobaki ni za kusikia."

Bwana Fabiani akahamia upande wa pili wa kitanda, akamshika mkono wa kushoto. Hakuuachia mpaka alfajiri ya Jumamosi tarehe 14 Machi 1987, Mwalimu alipofariki dunia. Daktari Romani, aliye hapa pamoja nasi, amepewa ujumbe wake.

Marehemu ameacha mume, Bwana Fabiani. Watoto Josephina, Teodori na Domina. Mama yake mzazi, Mama Kandida. Ndugu wanne, na darasa la tatu la Mutuka.

Mwalimu wetu, kazi umeimaliza. Upumzike kwa amani.