Mzee Bado na Gari la Kona ya Nyuma

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mzee Bado anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya kufufua magari ya zamani. Ishirini kati ya hiyo amekuwa mkuu wa kitengo cha maandalizi. Jina lake la kuzaliwa wanalo ofisini. Sisi wengine tunamjua kwa neno analolipenda kuliko yote. Gari limekuwa tayari? Bado. Mwenyewe anakuja kesho. Bado. Hata akimiminiwa chai huitazama kwanza kikombeni kama inayohitaji msasa.

Karani anayetayarisha ratiba ya sherehe aliomba wasifu wenye uchangamfu. Fundi bodi akasema ana mgonjwa nyumbani, fundi umeme akasema hajui kuandika, na watu wa stoo wakafunga mlango. Nikabaki mimi, mpiga rangi, ambaye nusu ya ajira yangu nimeimaliza nikiwa nimesimama na bunduki ya rangi mkononi nikimsubiri. Uchangamfu nitautafuta, ila sikuahidi kuupata.

Kwa wageni wasioijua kazi yetu, gari la zamani hutufikia likiwa limeliwa na kutu. Fundi bodi hulikata, hulichomea na kulinyoosha kwa nyundo. Kisha linaingia kwa Mzee Bado, naye huziba mabonde kwa puti, hulipiga msasa mkavu, hulipaka praima, ile rangi ya kijivu ya chini, hulipiga msasa wa maji, na akishamaliza huanza upya. Kwake hukaa miezi. Kwangu hukaa alasiri moja. Mteja akija hujitazama kwenye boneti kama yuko kwa kinyozi, kisha hunipa mkono mimi. Sijawahi kuona hata mmoja akimtafuta mtu wa vumbi. Wateja ndivyo walivyo, husifia shati wasiulize ni nani aliyemwogesha aliyelivaa.

Mzee Bado naye hajawahi kuisifia rangi yangu. Huitazama kama mtu anavyomtazama mkwe ambaye hakushauriwa juu yake.

Utaratibu wetu wa kukabidhiana aliuleta yeye, na wapo walioulaani. Gari haliingii chumba cha rangi mpaka mwandaaji achukue kipande cha shuka kuukuu, akiweke chini ya kiganja, afumbe macho na kulipapasa gari zima, kuanzia madigadi ya mbele hadi buti. Anadai kwamba kupitia kitambaa mkono husikia mawimbi ambayo jicho halioni. Akiridhika, humwambia mpiga rangi, "Nimekuachia." Baada ya hapo haligusi tena, na lawama zote zinahamia kwangu. Asiposema, gari haliendi popote. Mkurugenzi alijaribu kulisukuma moja yeye mwenyewe, mwaka aliokuwa na papara za ukubwa mpya. Alirudi ofisini na vumbi hadi kwenye tai.

Haraka haraka haina baraka, tumeisikia tangu utotoni. Lakini aliyeitunga hakuwa na gari kwa Mzee Bado. Tuna mteja aliyelileta lake akiwa na nywele tele kichwani, akaja kulichukua amevaa kofia.

Tena mtu asidhani huyu ni malaika wa msasa. Lilikuja gari moja lenye mkunjo ubavuni, ule mstari mwembamba uliofinyangwa kiwandani kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma. Mzee Bado akafumba macho, akapapasa, akasikia wimbi. Akaujaza puti, akaupiga msasa mpaka ubavu wa kulia ukawa laini kama yai. Mwenye gari alipopita kuchungulia alilizunguka mara mbili, akauliza kwa upole mstari wake umekwenda wapi. Kushoto ulikuwepo. Kulia haukuwepo. Mtu mwingine angeomba radhi na kuinamisha kichwa. Mzee wetu alishikilia kwamba kiwanda ndicho kilichokosea, kisha akaufukua mstari ule msimu mzima wa mvua, huku akinung'unika kana kwamba kuna mtu amemfanyia uovu.

Nakiri kwa shingo upande kwamba hakuna gari alilonikabidhi ambalo rangi yake ilivimba au kubanduka. Inaniudhi, lakini ni kweli.

Sasa nije kwenye gari la kona ya nyuma, ambalo wengi wenu mmelizoea mkadhani ni sehemu ya ukuta. Lilikuwa la baba mkwe wake. Ndilo lililomtoa mkewe kwao siku ya harusi. Mzee Bado alilileta hapa wakati mtoto wao wa kwanza akisoma chekechea, akamwahidi mkewe kwamba siku atakayostaafu atamrudisha nyumbani kwa gari lile, likiwa na rangi yake ileile ya bluu. Mtoto wa chekechea sasa ana watoto. Gari limekuwa la kijivu muda wote huo. Kila likikaribia kuiva, mwenyewe hupapasa, husikia wimbi, hulirudisha kwenye msasa. Mvumilivu hula mbivu, lakini mbivu hizi zilikuwa zinaozea mtini.

Mwezi uliopita mkurugenzi akatangaza kwamba kona ile inahitajika kwa tanuri jipya la kukaushia rangi, na siku Mzee Bado atakapoondoka, chochote kisichokuwa tayari kitapelekwa kwa wauza vyuma chakavu. Hakutania. Tulidhani tangazo lile lingemwamsha mzee. Aliendelea na msasa wake. Nilimwambia mbele ya watu kwamba hatafuti wimbi, anaogopa siku ambayo halitakuwepo. Alinijibu mnavyojua.

Jumatano iliyopita mkewe alikuja, yeye ambaye miaka yote hakuwahi kuvuka lango la karakana. Alimkuta mumewe amepiga magoti kando ya mlango wa gari la baba yake, mweupe kwa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu. Akauliza kama ni tayari. Akajibiwa neno lile. Mama yule hakupandisha sauti. Alisema, "Mzee wangu, mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na bodi ya gari." Akachukua kitambaa begani mwa mumewe, akafumba macho, akalipapasa gari lote pole pole hadi buti, mkono wa gauni lake jema ukawa wa kijivu. Kisha akanigeukia mimi. "Fundi, nimekuachia."

Mzee Bado alifungua mdomo, na kila mmoja wetu alijua kitakachotoka. Hakikutoka. Sheria aliitunga mwenyewe, na hakuna mahali iliposema kiganja lazima kiwe chake. Alikwenda kukaa kwenye ndoo ya puti iliyopinduliwa, akatazama pembeni, huku sisi tukilisukuma gari kuelekea chumba cha rangi. Sijapata kumwona hivyo, na sikupenda kumwona.

Sasa lile ambalo limenigharimu usingizi. Chini ya taa kali za chumba cha rangi, kabla sijapuliza hata tone, nililiona. Wimbi. Dogo, upana wa kidole, lakini lipo. Miaka yote namcheka, na mzee alikuwa anasema kweli. Ningemwita, angelirudisha kwenye msasa, na Ijumaa ingelikuta la kijivu, likapandishwa lori la chuma chakavu. Nilitoka nje nikamweleza mkewe. Alicheka hadi akajifuta macho. "Liache hivyo hivyo, mwanangu. Akikosa gari la kulisemea bado, atahamia kwenye sufuria zangu."

Basi nikapuliza.

Mzee hajaliona tangu siku ile. Lipo uani limefunikwa turubai, na baada ya hotuba, ambazo najua zitakuwa ndefu na hazitamtaja mtu wa vumbi inavyostahili, mkewe ataingia na kuketi kiti cha mbele.

Mzee Bado, kwa niaba ya karakana, asante kwa kila gari ulilonifanya nilisubiri, na kwa kila sifa niliyopewa mimi ikiwa ni yako. Nenda nyumbani ukale kwa wakati, ulale mchana, uwachoshe wajukuu. Tunawatakia wewe na mama uzee mwema wenye safari nyingi. Kabla hujaondoka lete kitambaa chako, twende wote kwenye mlango wa nyuma wa gari lako, upande wa kushoto, chini kidogo ya kitasa.

Nimekuachia.