Maji ya Watoto Wenye Meno Meupe

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama wenzangu, mmeamkaje? Nimeambiwa niseme kwa kifupi. Mnanijua, sitaweza, lakini nitajaribu.

Ilikuwa miaka ile ya shida, ya kupanga foleni ya sabuni na kukosa mafuta ya taa. Nimezaliwa na kuolewa hukuhuku Mutuka. Siku moja natoka shambani na mzigo wa kuni, nikateleza kwenye tope, chini! Mguu ukavunjika chini ya goti. Hospitali wakanifunga hogo, ile plasta ngumu, wakasema mfupa utaunga.

Ndugu zangu, nawaambia, haukuunga. Hogo likafunguliwa, nikakanyaga, nikapiga yowe. Wakafunga tena. Mahindi yakapandwa, yakavunwa, mimi bado kitandani na watoto wadogo. Mwisho wakalitamka lile neno: tukishindwa, tutakata.

Na jinsi tulivyojua kuuguza! Tuliamini mfupa mgumu unataka maji magumu. Basi nikanyweshwa maji ya kisima chetu, yale yenye chumvichumvi, tena yamechemshwa sana. Makande yanalainishwa kwa magadi ili kuni zisiishe. Majirani wakija kunipa pole, wananiletea magadi zaidi. Upendo mtupu, jamani!

Halafu pale hospitali akaja daktari mgeni. Hakushika mguu. Akaniambia, "Mama, hebu fungua mdomo."

"Daktari, kilichovunjika ni mguu."

Akacheka, lakini meno akayaangalia, haya haya ya kahawia mnayoyaona. Akasema kuna madini yanaitwa floridi, yamo kwenye maji ya huku na kwenye magadi. Ndiyo yanayotia meno rangi tangu utotoni. Yakizidi miaka mingi yanaingia mpaka mifupani. Mfupa unaonekana mnene kwenye picha ya eksirei, kumbe ni mwepesi wa kuvunjika, na kuunga kwake kunaweza kuwa kwa taabu. Kuchemsha hakuyaondoi. "Siahidi kitu," akasema, "ila acheni magadi, na mtafute maji ya mahali ambapo watoto waliozaliwa hapo wana meno meupe."

Aliyesimama kando yangu ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Mawifi mnawajua! Huyu ulimi wake ni wembe. Kesho yake akachukua ndoo, akapanda milimani, kila nyumba anawaambia watoto, "Hebu cheka nikuone!" Watu wakasema ameshachanganyikiwa. Jioni akarudi na ndoo kichwani. "Nimepata chemchemi. Watoto wa kule meno yao maziwa matupu."

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kushika jembe, anapanda. Maneno yakaanza: wifi gani huyo anamchotea wifi yake maji? Lazima ametia kitu. Akayasikia. Basi akawa anamimina kikombe mbele yao, anakunywa yeye kwanza, anafuta mdomo. "Nikianguka mtajua." Kisha ananigeukia mimi: "Haya, na wewe kunywa, mvivu wa kutembea!" Nilicheka, huku machozi yananitoka. Sikuwahi kupendwa namna ile.

Mvua zikaja, zikapita. Siku moja daktari akainua picha dirishani. "Mama, unaunga." Sitaki kuwadanganya. Sijui ni maji peke yake, au ni muda, au ni sala zenu. Daktari mwenyewe hakusema. Nijualo ni kwamba mguu haukukatwa.

Nilipoacha magongo, sikumwambia mtu. Nikachukua ndoo, nikapanda polepole mpaka chemchemini, nikarudi. Wifi alikuwa anapalilia. Nikamchotea kikombe. "Wifi, leo kunywa maji yangu." Yule mwenye ulimi wa wembe akakipokea, akanywa chote. Akakaa chini kwenye matuta, akalia kwa sauti.

Namshukuru Mungu, na yule daktari, na ninyi mlionilimia shamba. Na ninawaomba: magadi yaacheni. Kingeni maji ya mvua kwa ajili ya watoto. Mgonjwa wenu asipopona, msikimbilie kutafuta mchawi, ulizeni kwanza anakunywa nini.

Wifi, simama wakuone. Anakataa, mnamwona! Haya, kaa. Wapendwa, mguu huu ni wangu, lakini hatua zake alizitembea yeye kwanza.