Mama Subiri na Kopo Lisilotupwa

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Subiri, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958, mtoto wa tatu kati ya sita wa baba seremala na mama mshonaji. Utotoni alikuwa na haraka kama moto wa makapi. Akiwa na miaka saba aliwapaka wadogo zake vanishi ya baba kwenye kucha ili zing'ae, na kazi ya kuzisugua ikamchukua mama yao hadi jioni. Jina la Subiri lilikuja baadaye sana.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966 na kumaliza sekondari 1977. Hesabu zilimpiga chenga, sayansi akaipenda. Alisomea ususi na utunzaji wa ngozi, na Februari 1980 akafungua saluni: chumba kimoja, viti viwili, beseni la kuoshea nywele, na dirisha lililotazamana na kibanda cha fundi saa.

Fundi huyo alikuja siku moja kununua mafuta ya ndevu. Marehemu alimpaka tone ndani ya kiwiko, akamwambia kama alivyowaambia wateja wote, "Subiri kwanza. Rudi keshokutwa, tuone kama panawasha." Kesho yake asubuhi fundi alikuwa mlangoni. "Kiwiko hakijambo," alisema. "Moyo ndio unaowasha." Walifunga ndoa tarehe 6 Novemba 1982, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1996 mwalimu mmoja, mteja wake, alivimba uso hadi macho yakafumbika kwa sababu ya rangi ya nywele aliyojipaka nyumbani. Marehemu alimpeleka hospitali, kisha akaenda ofisi ya ukaguzi wa vipodozi kutoa taarifa. Afisa akamuuliza jina la rangi na namba ya toleo iliyoandikwa kwenye kopo. Kopo lilikuwa limeshatupwa, akarudi mikono mitupu. Tangu hapo alikuwa mkali: ngozi ikiwasha, ikibabuka au ikivimba, acha kupaka, osha kwa maji mengi, nenda kwa daktari, na kopo lisitupwe.

Mwaka 2004 wifi yake, dada wa fundi saa, alianza kuuza krimu ya kung'arisha uso, na makopo mengine akayaweka kwenye rafu ya saluni. Marehemu aliipokea bila kuijaribu, kwa kuwa ilikuwa ya wifi. Wiki hiyohiyo muuza matunda wa kona, aliyeinunua hapo, akaja na mashavu yaliyotoka malengelenge. Wifi akasema, "Ikiwasha ujue inafanya kazi."

"Inafanya kazi gani, wifi? Hebu mtazame mwenzio."

"Basi tuyamalize nyumbani. Ukiipeleka kwa wakaguzi umenimaliza. Mimi si damu ya mumeo?"

"Ingekuwa ya adui yangu ningeipeleka. Yako naipeleka vilevile."

Alipeleka kopo, picha za uso, siku krimu ilipoanza kutumiwa na siku malengelenge yalipotokea. Alieleza pia kwamba iliuzwa kwenye rafu yake mwenyewe. Vipimo vilionyesha zebaki, na krimu ikaondolewa madukani. Muuza matunda alipona. Wifi hakukanyaga tena saluni, na jambo hilo lilimuuma marehemu kuliko alivyokubali kusema.

Mwaka 2021 figo zake zilianza kushindwa kazi. Ngozi ilikauka na kumwasha usiku na mchana. Wifi alikuja nyumbani kwao na begi bila kuitwa, akasema mlangoni, "Nimekuja kukupaka mafuta, sikuja kuongea."

"Subiri kwanza," marehemu akamjibu kitandani. "Umeyajaribu?"

Walicheka mpaka muuguzi aliyemhudumia pale nyumbani akaja kuchungulia. Wifi alikaa miaka miwili akimuuguza. Marehemu alifariki tarehe 9 Juni 2023, saa kumi na mbili asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa wifi.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, kaka mmoja, na wifi.

Jana kinamama walipomaliza kumwosha, mmoja alifungua mafuta mapya ampake. Wifi alimshika mkono. "Subirini kwanza," alisema. Akapaka tone ndani ya kiwiko chake mwenyewe, akaketi kando ya marehemu. Hakuna aliyemharakisha.

Apumzike salama, Mama Subiri wetu.